Kisanduku cha Fazi na Viatu vya Ngumbao

Kwa jina la Mola aliyenipa pumzi hizi, nyingi kuliko nilizostahiki, sogeeni wanangu. Swabaha, keti hapa kitandani, karibu na kichwa changu, wewe ndiye mkubwa. Fahmi, acha kutazama saa, bandari haitahama. Mwanabaraka, ondoa hizo dawa mezani uniwekee pale visanduku vyangu vitatu vya kijani, nivione ninaposema. Na wewe ndugu yangu Ngumbao, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Ingia uketi kwenye kiti kile cha marehemu Maisara, maana angekuwapo angekuketisha hapo hapo kwa nguvu, na kahawa ungekuwa unayo mkononi tayari.

Najua mnashangaa kwa nini nimewaita asubuhi hii, na kwa nini nimemwita Ngumbao kutoka Tudor aje na gita lake, na Fahmi nikamtuma apandishe amplifaya kutoka dukani, ilhali mimi ni mgonjwa, na nyumba hii haijafunguliwa hata redio tangu mama yenu atutoke miezi minne iliyopita. Msinililie. Daktari amesema alilosema, nami nimelisikia, na nimelala vizuri. Mimi ni mtu wa miaka sabini na mbili, nimeswali, nimefunga, nimehiji kwa nauli iliyotokana na redio za watu, nimewazika wazazi wangu, nimemzika mke wangu, na bado mwanamume huyu wa Tudor akikohoa tu mimi nacheka. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kuondoka duniani na uso uliokunjamana. Lipo neno moja tu lililonikalia kifuani, na nitalifikia. Niacheni nilifikie polepole, kwa sababu nikilikimbilia pumzi zitaniishia kabla sijafika.

Kwanza mali, maana maneno yake ni mafupi. Nyumba hii ya Kibokoni siigawi mimi, Mwenyezi Mungu amekwisha kuigawa kabla hamjazaliwa. Nendeni kwa kadhi, mketi mbele yake, mpokee kila mtu fungu lake, na asiwepo wa kumwambia mwenziwe kwamba Baba alininong'oneza. Sikumnong'oneza mtu. Yule jirani yetu wa nyuma, ambaye tumenuniana naye miaka tisa kwa sababu ya mfereji wake unaomwaga maji ukutani petu, mwambieni nimemsamehe, na namwomba radhi pia, kwa sababu ni maji hayo hayo yaliyounywesha mwasumini wa mama yenu miaka yote tisa, nami sikuwahi kumshukuru hata siku moja.

Vyombo vya duka ni jambo jengine. Katika chuo cha Kurani nilifundishwa kwamba mrithi hausiwi juu ya fungu lake, na mimi sitaki kwenda kuulizwa. Kwa hivyo Mwanabaraka, sikuusii kitu, nakupa. Nakupa sasa hivi nikiwa hai, mbele ya ndugu zako: pasi za kulehemu, mita, droo zote za transista na spika zilizotundikwa, kwa sababu ni wewe uliyekaa nami dukani miaka sita wakati watu wakisema msichana wa buibui na nyaya wapi na wapi. Huu ufunguo. Ushike, mwanangu, usiutazame. Sheria inataka zawadi ishikwe mkononi. Swabaha, umeridhika? Alhamdulillahi. Fahmi? Sema kwa sauti, kuta nazo zisikie. Haya, Fahmi amesema ameridhika kama mtu anayekunywa mwarobaini, lakini amesema, na mashahidi mpo.

Sasa visanduku.

Nyinyi mmekua mkiviona humu ndani hamkuuliza. Kimoja mama yenu alizuilia mlango wa roshani usipigwe na upepo, kimoja alikandamizia mifuniko ya mitungi ya achari, na cha tatu kilikuwa juu ya kabati kwa sababu kilikuwa kinanivunja moyo. Nataka mjue ni nini. Kitu hiki kinaitwa fazi. Waya wa gita unaingia huku, mwengine unatokea huku kwenda kwenye amplifaya, na mpigaji akikibonyeza kwa mguu, ile sauti ya gita iliyokuwa nyembamba na safi inakwaruza, inanenepa, inavutika, hata uzi mmoja tu ukiguswa unasikia kama nyuki elfu wameingia ndani ya pipa. Ndiyo maana wanawake wa mjini walikiita Nyuki. Lakini ni nyuki anayelia kwa tuni, wanangu. Mwanamume mzima aliweza kusikia sauti ile akamkumbuka mama yake.

Cha kwanza hakikuwa changu. Mwaka wa sitini na tisa alikuja dukani kijana wa Kirabai, shati la maua, meno yote nje, amekumbatia kitu cha chuma cha mviringo kama kifuniko cha sufuria. Alikuwa Ngumbao huyu. Alikipata kwa baharia Mwingereza kwa kubadilishana na saa ya mkononi, na kikafanya kazi siku mbili kikanyamaza.

Akanambia, "Fundi, nifufulie huyu."

Nikamwambia, "Kufufua si kazi yangu, hiyo ina Mwenyewe. Mimi natengeneza."

Akasema, "Basi tengeneza, na huyo Mwenyewe mwambie mimi ni mteja mzuri."

Nilicheka hata nikaungua kidole. Tangu siku hiyo, yeye akienda kanisani na mimi msikitini, hatujapita wiki bila kuonana.

Nilipokifungua kile kidude nilistaajabu. Ndani hamna kitu! Transista mbili za zamani, ndogo kama kofia za bati za mtoto wa bandia, vikorokoro vichache vya kushika umeme, betri moja, basi. Redio mbovu kabisa iliyoletwa kwangu ilikuwa na mali nyingi kuliko ile. Nikafikiri, hiki nakiweza. Nikatoa transista kwenye maredio yaliyokufa, nikamwendea fundi wa mabati kule Makadara anayetengeneza majiko, akanikatia kisanduku cha kukanyagika, na rangi hii ya kijani ni iliyobaki tulipopaka madirisha ya msikiti. Msinitazame hivyo, niliinunua kwa imamu kwa mkono wangu, sikuichukua. Walikuwapo walioninung'unikia kwamba mtu wa safu ya mbele anatengeneza vyombo vya ngoma. Nilimwendea mwalimu wangu nikamweleza yote, naye akasema, "Faraj, watu wataoa tu na watafurahi tu. Wewe angalia usipitwe na sala." Sikupitwa.

Na hapa ndipo ilipo kasoro yangu, kwa hivyo nisikilizeni vizuri.

Tangu ujana wangu kazi nyeti sikuifanya ila baada ya sala ya alfajiri. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuombea umma wake baraka ya mapema, na mimi baraka hiyo sikutaka inipite. Nikirudi msikitini, mji umetulia, upepo unaingia dukani na harufu ya mahamri ya jirani, nafungua droo, naketi, nalehemu. Kila kisanduku cha fazi nilikirekebisha saa hiyo. Kuna kiskurubu kidogo humo ndani. Unakizungusha kama mtu anayefungua jicho la mtoto aliyelala, mpaka sauti inakaa pahala pake. Na ilikaa! Alfajiri nyuki wangu aliimba mpaka paka wa Kibokoni wakaketi mlangoni.

Desemba ya mwaka wa sabini na moja tukaalikwa kwenye harusi uwanjani Makadara, baada ya alasiri. Jua la kaskazi mnalijua. Wanawake wamejaa mikekani wamejifukiza udi, halua mikononi, maturubali yanachemka, na Ngumbao amesimama mbele amevaa raizoni. Nyinyi hamkuziona raizoni. Ni viatu vilivyokuwa fasheni wakati ule, soli zake kama matofali mawili. Alikuwa amepanga foleni kuzinunua, na akitembea nazo alikuwa kama mtu anayevuka maji. Akapiga vizuri, nyimbo mbili tatu, kisha akakanyaga kisanduku changu mara ya kwanza mbele za watu.

Kikatoa sauti kama mbuzi aliyekabwa. Kikakohoa. Kikanyamaza.

Akakanyaga tena, kikakohoa tena. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti, akauliza, "Jamani, huyo nyuki wenu amekufa au amesinzia?" Mwengine akajibu kutoka nyuma, "Mpeni asali!" Basi uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na mimi, fundi Faraj, mtu niliyewatangazia watu kwamba Mombasa sasa inatengeneza kitu cha Ulaya, nimesimama kando ya spika natokwa na jasho mpaka kanzu imenishika mgongoni. Nikapaza sauti wote wasikie. Nikasema, "Ngumbao, ni hivyo viatu vyako! Visigino hivyo vinakiua kisanduku! Vua!"

Na yeye, kwa sababu mimi ndimi fundi na yeye ananiamini, akainama akavivua mbele ya watu, soksi moja ina tundu. Wakacheka tena. Akavua na soksi. Sasa nieleze, maana sikusema uongo siku ile, niliamini. Kuzifungua zile kamba kulichukua muda, wapiga ngoma wakajaza wimbo mrefu, jua likashuka nyuma ya nyumba, upepo wa bahari ukaingia uwanjani. Ngumbao akakanyaga kwa mguu mtupu. Nyuki akaimba! Akaimba, wanangu, vigelegele vikapanda, yule shangazi akasimama akacheza mpaka mtandio ukamdondoka. Nani angeniambia si viatu?

Tangu siku hiyo Ngumbao hakupiga gita na viatu. Akija harusini anavivua kama anayeingia msikitini, watu wakamwita Ngumbao Miguu Mitupu, na kisanduku kikikohoa mchana, namwambia, "Leo umekanyaga kwa kisigino. Kanyaga kwa kidole." Akajifunza kukanyaga kwa kidole gumba. Ndiyo, cheka Mwanabaraka, cheka mwanangu, hata mama yako alicheka.

Maana aliyegundua ni mama yenu. Jiko lake lilikuwa juu ya dari, juu ya duka, na kila sauti niliyoijaribu aliisikia yeye, alfajiri na adhuhuri. Julai iliyofuata, wakati wa baridi ile yetu ndogo, akashuka na chupa ya mafuta ya nazi mkononi. Akasema, "Fundi, tazama. Alfajiri mafuta yangu yameganda, saa sita yameyeyuka. Na kisanduku chako ni hivyo hivyo, asubuhi kizima, mchana taabani. Ni joto, mume wangu."

Nikamwambia, "Mafuta na umeme ni mambo mawili."

Hakubishana. Alikichukua kisanduku saa sita mchana, kinakohoa, akakiegemeza kwenye mtungi wa maji, akakifunika kitambaa kibichi, akanipikia, nikala, akakileta. Nikakiunga. Kikaimba kama alfajiri.

Nilikaa kitako chini. Nilielewa yote kwa mara moja: mimi namrekebisha nyuki wangu kwenye baridi ya alfajiri, kisha nampeleka kwenye tanuri la alasiri, halafu namlaumu mtu kwa viatu vyake. Mama yenu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mola wangu! Fundi umemvua mtu viatu bure! Mbio, kamwambie!"

Sikwenda.

Ngumbao, usinitazame bado. Sijafika.

Sikwenda kwa haya. Mji mzima ulinisikia nikisema ni viatu, na jina la fundi ni hilo hilo moja. Nikatafuta njia ya pembeni. Nikaanza kurekebisha visanduku baada ya adhuhuri badala ya alfajiri, na kila harusi ya mchana nikamwekea Ngumbao kisanduku ndani ya sinia la udongo lenye mchanga uliotiwa maji, nikamwambia ni la kuzuia shoti. Akaamini na hilo. Visanduku vikafanya kazi, watu wakaja kutoka Malindi na Lamu kuvitaka, nikatengeneza kumi na moja kwa jumla, na miguu ya ndugu yangu ikabaki mitupu kwa sababu mimi nilikuwa na aibu. Mama yenu alinifichia siri, lakini hakuniacha nipumzike. Ngumbao akipita njiani na viatu vyake mkononi akielekea harusini, Maisara alikuwa akiniita dirishani, "Fundi, asiyevaa viatu ni maiti, njoo umwangalie maiti wako anapita." Ulikuwa mzaha. Tuliucheka, na mimi kila nikicheka kitu kilinichoma hapa.

Sasa nimefika. Mwaka wa sabini na nne, hoteli moja ya ng'ambo ya kivuko, jina silitaji, ilitafuta mpiga gita wa bendi yake: kazi ya kila jioni, mshahara wa mwezi, chakula, na kuonekana na watu wa dunia nzima. Walimsikia Ngumbao wakamtaka yeye. Meneja akamwambia, tai na viatu vyeusi. Na Ngumbao akamjibu, "Tai nitavaa hata mbili, bwana, lakini viatu haviwezekani, nikivaa viatu nyuki anakufa." Meneja alidhani anafanyiwa mzaha. Akamchukua mwengine.

Alikuja dukani siku ile ile kunihadithia. Alihadithia kama kichekesho, alimwigiza meneja na shingo yake. Mimi nilikuwa na pasi ya kulehemu mkononi na ukweli wote mdomoni. Neno moja tu, na angekimbia kurudi kule na viatu vyake. Nikamwambia, "Mola atakupa jengine." Hayo ndiyo niliyoyasema. Akaenda akafanya kazi ghala la matairi kule Makupa miaka kumi na tisa, akibeba mpira mweusi kwa mikono ile, na gita akalipiga Jumamosi tu, katika harusi za watu, pekupeku.

Mwezi uliopita Fahmi alileta mgeni kutoka Ulaya aliyesikia habari za visanduku. Alipokiona kile cha mlangoni alipiga magoti, nikadhani ameanguka. Kule kwao, kumbe, vitu hivi vya zamani vinatafutwa kama lulu. Akaeleza kwamba transista za namna ile haziwezi joto, kila mtu anajua, na Fahmi akanitafsiria, kisha akanitazama akasema, "Baba, kwa hivyo havikuwa viatu?" Nikamwambia, "Mtilie mgeni chai." Mwanangu, lile lilikuwa jibu la mtu aliyekamatika.

Na mama yenu, siku yake ya mwisho, baada ya kutamka shahada na kuniaga na kuwaaga nyinyi, alinivuta mkono. Nilidhani ataniusia juu ya dhahabu zake. Akasema, "Fundi, yule mtu mvishe viatu vyake." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho na mimi.

Ngumbao, ndugu yangu. Havikuwa viatu. Havikuwa visigino wala kidole gumba. Lilikuwa joto, na nilijua, na nilijua siku uliyokuja kunihadithia habari za hoteli. Sala zangu ziko baina yangu na Mola wangu, na Yeye ni Mwenye kusamehe, lakini haki yako iko mkononi mwako wewe, na Yeye hataisamehe kwa niaba yako. Nakuomba radhi mbele ya wanangu, kama nilivyokusingizia mbele ya watu.

Sema neno. Hata tusi.

Unakwenda wapi?

Mwacheni. Fahmi, keti. Swabaha, usimfuate. Mtu akichukuliwa miaka ishirini na mitano ana ruhusa ya kushuka ngazi bila kuaga. Sikilizeni niwamalizie, maana sasa nimechoka kweli. Kama asiporudi, fanyeni hivi. Kabla ya kunipeleka makaburini, nendeni Tudor nyote watatu, msitume mtu, mkamwombe tena kwa ajili yangu. Akikataa, mwendeeni tena baada ya arobaini, na tena baada ya mwaka. Kisanduku hiki cha katikati, cha kwanza kukitengeneza, namuusia yeye. Yeye si mrithi wangu, kwa hivyo wasia huu unasihi kisheria, na hakifiki hata robo ya ile thuluthi ninayoruhusiwa kuusia. Mgeni yule akija na ahadi zozote, hicho si cha kuuzwa. Viwili vilivyobaki fanyeni mtakavyokubaliana, ila Mwanabaraka avifungue kwanza aone nilivyofanya, ajifunze, atengeneze vyake. Sanda yangu imo sandukuni pamoja na manukato ya mama yenu. Nizikeni karibu naye, na mapema, msingoje wageni wa mbali. Msinijengee kaburi la...

Nyamazeni.

Mnasikia? Hizo ni hatua ngazini. Hizo ni hatua za viatu.

Lo! Ngumbao! Na viatu? Juu ya mikeka ya mke wangu? Mwache Swabaha, mwache, mikeka inafuliwa! Leo apite navyo popote. Hivyo si vile vya kuendea kanisani, ulivyoviacha mlangoni chini? Vimepigwa rangi vinang'aa. Mwanabaraka, mwekee kisanduku chini, hicho cha katikati, ndiyo, umpe na waya. Fahmi, washa amplifaya. Washa tu, majirani watanisamehe, leo ninasamehewa na... bado sijui. Ngumbao, bado hujasema neno.

Kisigino! Umekikanyaga kwa kisigino, mshenzi wewe!

Sikilizeni. Sikilizeni, wanangu. Huyo ndiye nyuki. Ee Mola wangu, miaka mingapi! Swabaha, unalia au unacheka? Mimi pia. Piga, Ngumbao, piga ule uliopiga Makadara yule mama akaangusha mtandio. Fahmi, fungua dirisha, fungua yote mawili, wacha Kibokoni isikie.

Basi. Basi, pumzika, kaa. Wasema nini? Njoo karibu, sikio hili lina uzito.

Mmesikia alivyosema? Ngumbao anasema hivi: "Fundi, viatu nimekusamehe leo. Hivyo vilinipa jina, na miguu yangu inaijua Mombasa yote. Lakini hoteli ni kitu kikubwa, hoteli siwezi kuisamehe kwa siku moja. Hiyo nitakusamehe kesho. Kwa hivyo leo usife, kesho nakuja."

Haki yake. Haki yake kabisa, wala si mzaha, nayaona macho yake.

Basi wanangu, mmesikia, leo sitaweza. Nina miadi. Nipeni maji... kidogo. Inatosha. Nileteeni vichwa vyenu niweke mkono, mkono wenyewe umekuwa mzito kama si wangu. Swabaha. Fahmi. Mwanabaraka. Mola awape riziki ya halali na usingizi mwema. Awape marafiki wanaocheka. Likikupiteni neno la kweli, likimbilieni, msilingoje uzee kama nilivyofanya mimi. Awaweke pamoja... kama mlivyo sasa hivi... chumbani humu.

Na huyu ndugu yangu mumshike mkono akishuka, ngazi zile ni za giza.

Ngumbao.

Kesho, inshallah. Njoo mapema, ndugu yangu.